Fijiana wanapigwa na skramu au wanapigwa na kalenda?

#1 Nyuma_ya_Skramu
Wakuu, salaam.

Nina dai moja, nipingeni kwa hoja. Fijiana, yaani timu ya wanawake ya Fiji ya raga ya wachezaji 15, haifungwi kwa kukosa mbio, wala mikono, wala moyo. Inafungwa kwenye mipira iliyosimama: skramu (wanane kwa wanane wanasukumana kugombea mpira), laini-auti (mpira unarushwa kutoka nje, watu wanainuliwa kuudaka), na moli inayozaliwa hapo (kundi linamsukuma mwenye mpira akiwa wima).

Hesabu hii hapa. Kombe la Dunia la 2021, ambalo ndilo la kwanza kwao: England 84-19, wakaifunga Afrika Kusini 21-17, kisha Ufaransa 44-0. Kombe la 2025: Kanada 65-7, Scotland 29-15, halafu wao wakaifunga Wales 28-25. Mechi 6, ushindi 2. Wamefunga alama 90, wamefungwa 264.

Ukirudia video, trai za Fiji (mpira kuwekwa chini nyuma ya mstari wa mpinzani) zinatoka popote uwanjani. Wanazofungwa zina njia moja: penalti, mpira unapigwa nje mita 5 kutoka mstari wao, laini-auti, moli, kwisha habari.

Karibuni.

#2 Kipyenga_Baridi
Nyongeza ndogo kabla watu hawajachanganyikiwa: hilo Kombe linaitwa la 2021 lakini lilichezwa Oktoba na Novemba 2022, New Zealand, kwa sababu ya korona. Kila mwaka kuna mtu anakuja hapa kubishana kwamba hakuna Kombe la 2021.

#3 BintiWaLikoni
Nyuma_ya_Skramu, umeruka kitu kikubwa. Ile mechi ya England pale Eden Park, tarehe 8 Oktoba 2022, mapumziko ilikuwa 24-14. Soma tena: 24-14, dhidi ya timu iliyokuwa namba moja duniani. Kipindi cha pili England walifunga alama 60, Fiji 5.

Sasa niambie, skramu ya Fiji ilikuwa nzuri dakika 40 halafu ikaoza chumba cha kubadilishia nguo? Kilichokwisha ni pumzi, na benchi. England wanaingiza watu wanane wa benchi ambao wangeanza timu yoyote nyingine. Fiji wanaingiza watu wanane wanaotafuta pa kushika.

Na Kanada 2025, York huko England: Julia Schell aliingia kipindi cha pili akafunga trai 6. Sita! Mtu wa safu ya nyuma, wala hakuwa kwenye moli. Hilo dai lako la "njia moja" limepasuka hapo hapo.

#4 Nyuma_ya_Skramu
@BintiWaLikoni, kwa Schell nimekubali, nimepigwa. Lakini swali langu lipo palepale: pumzi iliishia wapi? Watu hudhani pumzi inaisha kwa kukimbia. Loki (namba 4 au 5, safu ya pili ya skramu) akisukuma skramu inayorudi nyuma, miguu inafanya kazi kubwa kuliko ya anayesukuma kwenda mbele, kisha anainuka na kukimbia mita 30 kwenda kwenye ruki, pale mpira ulio chini unapogombewa. Ikifika dakika ya 55 hawezi tena kurudi kujaza pengo upande wa pili, na Schell wako anapita hapo hapo. Anayefunga ni winga. Aliyefungua mlango ni propu, namba 1 au 3 wa safu ya mbele.

#5 Mzee_wa_Ruki
Hapo mmeanza kuzungumza raga. Naweka kambi.

#6 Fundi_Propu
Tuelewane kwanza skramu inaharibikaje, maana watu wanasema "nguvu" kana kwamba ni kubeba magunia.

Refa ana miito mitatu: chuchumaa, shika, ingia. Mchezo mzima uko kwenye "shika". Namba 1 anapitisha mkono wa kushoto ndani ya mkono wa kulia wa mpinzani wake. Namba 3 anapitisha mkono wa kulia nje ya mkono wa kushoto wa namba 1 wa upande wa pili. Wote wanatakiwa wakamate jezi mgongoni au ubavuni. Propu asiye na uzoefu anakamata mkono au kola, kwa sababu mpinzani amejitanua na hamfikii. Matokeo yake kiwiko kinaelekea chini, bega linafuata kiwiko, skramu inaanguka, na refa anaona ni yeye aliyeangusha. Penalti.

La pili ni nyonga. Nyonga ikipanda juu ya bega, nguvu yote inaelekea kwenye majani. Nyonga na bega viwe usawa mmoja, au nyonga chini kidogo. Mgongo bapa, kidevu mbali na kifua.

La tatu, miguu. Magoti yakunjwe kama nyuzi 110 hadi 120. Ukiingia miguu imeshanyooka, huna tena cha kunyoosha mpinzani akisukuma. Unabaki nguzo, na nguzo inang'olewa.

La nne ndilo linalosahaulika: loki. Bega la loki linatakiwa liwe chini ya kalio la propu na kubana KABLA ya "ingia". Loki akichelewa nusu sekunde, propu ameingia peke yake dhidi ya watu watatu. Watu wanamlaumu namba 3, wakati mwenye kosa ni namba 5.

Uzito unasaidia, sikatai. Lakini pakiti (wale wanane wa skramu) iliyozidiwa kilo 30 kwa jumla, yenye nyonga chini na loki waliobana mapema, inasimama dakika 80. Hayo hayaji kwa kipaji. Yanakuja kwa kurudia: mmoja kwa mmoja kurekebisha mkao, watatu kwa watatu, watano kwa watano, ndipo wanane kwa wanane. Skramu hai, yaani watu dhidi ya watu, 10 au 12 kwa kipindi, mara mbili kwa wiki. Ukipiga 40 kwa siku shingo zinachoka, mkao unaharibika, na unafundisha makosa.

#7 Chenga_Mbili
Fundi, umenifanya niketi wima mbele ya simu.

#8 Koridoa_Mita15
Naungana na #6, ila mimi nasema tatizo kubwa ni moli, skramu ni ya pili. Sababu ni hesabu tu: ukifungwa kwenye skramu unatoa penalti. Ukifungwa kwenye moli karibu na mstari unatoa trai, na ukiiangusha wakati inaelekea kuvuka, refa anatoa trai ya penalti alama 7 bila mkwaju, na kadi ya njano juu yake. Dakika 10 mko 14.

Kuzuia moli kuna njia nne, na kila moja ina mtego wake.

Ya kwanza, shindana hewani. Mrushe mtu wako mbele ya mrukaji wao, msumbueni huka wao (namba 2, anayerusha mpira). Fainali ya 2022 England walikuwa mbioni kutwaa Kombe: laini-auti ya mwisho, mita chache kutoka mstari, wako nyuma 34-31. New Zealand wakaruka, wakaiba, mpira ukaisha. Amy Cokayne alikuwa ameshafunga trai 3 siku hiyo, yeye huka. Kwa hiyo hata mashine ile inavunjika ukiigusa juu.

Ya pili, usiiguse kabisa. Msipogusana na mrukaji akatua, hakuna moli. Wakipeleka mpira nyuma huku watu wao wako mbele wanazuia, hiyo ni penalti kwenu. Inataka nidhamu ya watu wanane kutulia kwa wakati mmoja. Mmoja akirukia, mtego umefyatuka, moli imezaliwa, na nyinyi mko wima.

Ya tatu, mwangushe mrukaji mwenye mpira mara tu miguu inapogusa chini, kabla wenzake hawajamfunika. Ukichelewa ni kuangusha moli. Ukiwahi, akiwa hewani, ni hatari kwa shingo yake na kadi inakuhusu.

Ya nne, sukuma. Watu 5 au 6 chini, mabega chini ya mbavu zao, kwenye mshono kati ya mrukaji na mwinuaji, katika sekunde ya kwanza. Moli ikishapata hatua mbili imekwenda.

Fijiana mara nyingi huanza na ya pili na kuishia kwenye ya nne, wakiwa wamechelewa zote mbili. Kupaparika kwa namna hiyo hakutokani na unyonge. Watu hawa hawajalala kitanda kimoja muda wa kutosha, ndiyo maana kila mmoja anaota ndoto yake.

#9 BintiWaLikoni
Hapo mwisho umekubaliana nami bila kujua, kaka. "Hawajalala kitanda kimoja" ni suala la mechi na muda, mbinu inafuata baadaye.

#10 Saba_Saba
Wote mnazunguka mbuyu. Tatizo ni raga ya saba kila upande. Fiji inawalea mabinti kwa ajili ya saba, halafu inawakopa kwa 15. Hata Alowesi Nakoci aliyekuwa winga Kombe la 2022 alitokea kikosi cha saba kilicholeta shaba ya Rio. Skramu ya saba ni watatu kwa watatu, inachukua sekunde mbili. Laini-auti ina watu wawili watatu. Kipindi ni dakika 7. Propu wa saba ni mkimbiaji mwenye mabega. Utamtoa wapi namba 3 wa kweli kwenye mfumo huo?

#11 Kipyenga_Baridi
Shaba ni ya Tokyo, mkuu. Julai 31, 2021, Fiji 21-12 Uingereza, kapteni Rusila Nagasau. Nusu fainali walifungwa na New Zealand 22-17 muda wa nyongeza. Rio 2016 walimaliza wa 8.

#12 Saba_Saba
Sawa, Tokyo. Hoja haijabadilika.

#13 Mzee_wa_Ruki
@Saba_Saba hoja imebadilika kidogo. Ingekuwa saba inanyonya 15, basi saba yenyewe ingestawi. Birmingham 2022, Michezo ya Jumuiya ya Madola, walipata fedha, wakafungwa na Australia 22-12 kwenye fainali. Haya. Paris 2024 je? Wamemaliza wa mwisho kati ya timu 12. Ikiwa mtoto mmoja ananyonya maziwa yote, mbona naye amekonda?

#14 Saba_Saba
Kwa sababu maziwa yenyewe ni ya ng'ombe mmoja! Fiji ina watu laki tisa na ushee. Ukigawa kundi la wachezaji wale wale kwa timu mbili, zote mbili zinapungukiwa. Hoja yangu ni hiyo.

#15 Ratiba_Kwanza
Hoja ya watu wachache inaangushwa na Drua.

Fijiana Drua, klabu ya wanawake kutoka Fiji, waliingia Super W, ligi ya wanawake ya Australia, mara ya kwanza 2022. Hawakupoteza mechi hata moja, na fainali Melbourne wakawapiga Waratahs 32-26. Wakarudi 2023 wakatetea, 38-30 dhidi ya Queensland Reds, Townsville. Watu wale wale, nchi ile ile ya laki tisa, mapropu wale wale mnaosema hawapo. Tofauti ni moja: walicheza kila wiki.

Sasa tazama timu ya taifa. Timu za Six Nations, mashindano ya kila mwaka ya Ulaya, zina uhakika wa mechi 5 kila mwaka kabla hata hujaongeza za kirafiki. Fiji wanategemea mashindano ya Oceania, WXV (mashindano ya kimataifa ya wanawake), na anayewaalika. Mbinu zote nne za Koridoa ukizifundisha mazoezini pekee hazishiki, kwa sababu mwenzako wa mazoezini anajua wito wako. Unahitaji mgeni anayekuumiza Jumamosi, ukarekebisha Jumatatu, ukajaribu tena Jumamosi.

Ndiyo maana Kombe la 2025 walizidi kuwa bora kila wiki, ukitazama tofauti ya alama: -58, -14, +3. Agosti 23, Agosti 30, Septemba 6. Siku saba saba.

#16 Nyuma_ya_Skramu
Super W si England, mkuu. Na 2024 hao Waratahs walilipa deni kwenye fainali, 50-14. Wiki kwa wiki walicheza na bado wakakung'utwa. Kalenda haikuwaokoa.

Halafu hizo -58, -14, +3 umezipanga vizuri lakini wapinzani hawakuwa sawa. Kanada walifika fainali ya Kombe lile. Wales walifika Exeter wakiwa wameshapigwa na Scotland 38-8 na Kanada 42-0. Na 2022 kwa mtindo wako ni -65, +4, -44. Mbona hawakuwa bora kila wiki?

#17 Ratiba_Kwanza
Ya 2022 wiki ya tatu ilikuwa Ufaransa. Umeshajijibu mwenyewe hapo juu kwamba wapinzani si sawa.

#18 Nyuma_ya_Skramu
Basi takwimu yako na yangu zote zimekufa. Twende na video.

#19 Chenga_Mbili
Marehemu wawili kwenye uzi mmoja 😂

#20 Daktari_wa_Tepu
Kuna kitu hakijaguswa: saa. Nadi, mji wa Fiji wenye uwanja wa ndege wa kimataifa, iko mbele ya Uingereza kwa saa 11 majira ya kiangazi cha huko. Hakuna ndege ya moja kwa moja, kwa hiyo mchezaji anakaa zaidi ya siku nzima njiani, mapropu wa kilo 100 wakiwa wamekunjwa kwenye viti vya kawaida. Kanuni ya kawaida ni siku moja kwa kila saa moja ya tofauti ili usingizi, tumbo na nguvu virudi. Kwa saa 11 hiyo ni siku 10 au 11 kabla ya mechi ya kwanza, na katika siku hizo za mwanzo haifai kupiga skramu hai. Shingo na mgongo wa chini ndivyo vinavyochelewa kuamka.

Utaratibu unaofaa: siku 1 na 2 kutembea, kunyoosha, mwanga wa asubuhi, kulala usiku wa huko hata kama macho makavu. Siku 3 na 4 mbio nyepesi na laini-auti bila kuruka juu. Siku 5 mashine ya skramu kwa nusu nguvu. Siku 7 ndipo skramu hai. Timu yenye bajeti inafika wiki tatu mapema. Isiyo na bajeti inafika ikiwa bado inaota saa za Suva.

Angalia mechi ya kwanza ya kila Kombe: 84-19 na 65-7.

#21 Kipyenga_Baridi
Daktari, 2022 ilichezwa New Zealand. Tofauti na Fiji ni saa moja. Ndege saa tatu.

#22 Daktari_wa_Tepu
Umeniua. Basi hoja yangu ichukuliwe kwa York peke yake.

#23 Pwani_Raga
Kwa wale mnaodhani alama 119 za kufungwa mwaka 2025 ni aibu, linganisheni na majirani. Samoa, Kombe lile lile: England 92-3, Australia 73-0, Marekani 60-0. Alama 225 za kufungwa, za kufunga 3, nazo ni penalti ya Harmony Vatau pale Northampton. Uwanja mzima ulishangilia kama fainali. Na Samoa si wageni wa Kombe, walikuwepo 2002, 2006 na 2014, miaka ambayo Fiji hawakuwepo kabisa.

Kwa hiyo swali la uzi huenda limepinduka. Badala ya kuuliza mbona Fijiana wanapigwa, tuulize wametokaje kwenye kundi la Samoa kwa miaka michache hivi. Jibu langu ni Drua. Samoa hawana klabu ya wanawake kwenye ligi ya kila wiki.

#24 Simba_wa_Ngong
Nyinyi mnaicheka Fiji kwa kupigwa na Kanada, wakati sisi Lionesses wa Kenya tuliikosa njia ya Kombe hilo la 2021 kwa alama moja. Nyayo, Agosti 2021, Kolombia 16-15. Alama moja!

#25 Pwani_Raga
@Simba_wa_Ngong hakuna aliyecheka. Halafu kumbuka Kenya na Fiji walikuwa wote Dubai kwenye WXV 3 ya 2023, ila mpangilio ulikuwa wa kuvuka makundi, hawakukutana. Tulinyimwa kipimo kizuri.

#26 Simba_wa_Ngong
Labda tulinusuriwa.

#27 Msoma_Ramani
Swali la pembeni. Kwa nini watangazaji wanasema "Nandi" wakati imeandikwa Nadi? Nandi si ni yetu?

#28 Lugha_na_Mpira
Hapa Mswahili ana bahati kuliko Mwingereza. Alfabeti ya Kifiji ilitungwa na wamisionari miaka ya 1830, David Cargill na wenzake, wakaamua kila sauti iwe na herufi moja. Sauti zenyewe tunazo zote:

b inasomwa mb. d inasomwa nd. g inasomwa ng' kama ng'ombe. q inasomwa ng kama nguo. c inasomwa dh kama dhahabu.

Kwa hiyo Nadi ni Nandi. Sigatoka ni Sing'atoka. Nagasau ni Nang'asau. Nakoci ni Nakodhi. Leweniqila ni Leweningila. Naisewa ni Naisewa, huyo hana shida. Watangazaji wa Ulaya wanateseka bure, mpeni Mswahili kipaza sauti.

#29 Mzee_wa_Ruki
Na Drua?

#30 Lugha_na_Mpira
Ndrua. Ni chombo chao cha zamani cha bahari kuu, mitumbwi miwili iliyounganishwa, mmoja mkubwa mmoja mdogo.

#31 Pwani_Raga
Kama ngalawa.

#32 Lugha_na_Mpira
Hapana. Ngalawa ina mtumbwi mmoja na matengo mawili (maboya ya pembeni), kila ubavu lake. Drua huo mtumbwi mdogo lazima ubaki upande wa upepo, kwa hiyo kugeuka haigeuzi omo (mbele ya chombo). Wanabeba tanga lote kutoka ncha moja kwenda ncha nyingine, na tezi (nyuma) inakuwa omo.

#33 Chenga_Mbili
Kumbe ndiyo wanavyoshambulia. Unadhani wanaelekea kushoto, kumbe tezi imekuwa omo.

#34 Nyuma_ya_Skramu
Turudi bandarini jamani.

#35 Mikono_Miwili
Narudi. Wote mnatafuta ugonjwa kwenye pakiti. Mimi nasema dawa yenyewe ndiyo sumu: ofulodi, yaani kumwachia mwenzako mpira ukiwa umeshakabwa.

Ofulodi nzuri ina masharti. Mbebaji asimkabili mtu kifuani, aingie kwenye mshono kati ya mabega ya wakabaji wawili. Miguu iendelee kupiga baada ya mgongano, hatua mbili au tatu, ili nyonga ipite mstari wa mkabaji. Mpira uwe mikono yote miwili mpaka nyonga imepita, kisha ndipo uachie kwa mkono wa mbali. Msaidizi awe nyuma ya bega la ndani, mita moja hadi mbili, akiwa tayari kwenye mwendo. Akiwa ubavuni kabisa, pasi inakwenda mbele. Akiwa mita 4 nyuma, pasi inakuwa bahati nasibu.

Fijiana wanatimiza masharti hayo dakika 30 za kwanza. Baada ya hapo miguu haipigi tena baada ya mgongano, lakini mkono bado unaachia. Mipira mingi inaanguka, tena ndani ya mita 40 za kwao, wakati safu nzima iko mbele ya mpira. Timu kubwa inaokota na kukimbia uwanja mtupu. Hizo trai 6 za Schell zitazameni tena mkihesabu zilizoanzia kwenye mpira uliodondoka.

Na mpira ukilowa jasho au mvua ni mbaya zaidi. Mpira namba 5 una gramu 410 hadi 460 na mzunguko ule ule wa wanaume. Mkono mmoja wa mwanamke wa kimo cha kawaida haujai juu yake. Kuna mjadala mrefu wa kuleta namba 4.5 kwa wanawake.

#36 BintiWaLikoni
Umerudi kwangu tena: miguu dakika ya 30 kuendelea.

#37 Fundi_Propu
Na kwangu: miguu imeliwa na skramu.

#38 Ratiba_Kwanza
Na kwangu: miguu ya mechi haijengwi mazoezini.

#39 Mikono_Miwili
Mmegawana maiti yangu vizuri. Lakini dawa ni tofauti. Kwa hoja yangu, kocha anaweka sheria tu: ndani ya mita 40 zetu ofulodi moja kwa shambulizi, ya pili ni marufuku, ingia chini tengeneza ruki. Haihitaji bajeti wala mashine ya skramu.

#40 Mzee_wa_Ruki
Jaribu kumwambia Mfiji asiachie mpira. Afrika Kusini 2022 pale Waitakere walikuwa wanaongoza mpaka mwisho, Karalaini Naisewa akafunga zikiwa zimebaki dakika za kuhesabu. Ungemfunga mikono, leo ushindi wa kwanza wa Kombe haupo. Kuna timu ukiitoa pepo lake inabaki mwili.

#41 Kipyenga_Baridi
Kuna aliyejaribu, na hajatajwa humu. Ioan Cunningham alikuwa kocha wa Wales hadi mwishoni mwa 2024, mwaka uliofuata akawa kocha wa Fijiana, na Septemba 6, 2025 akawafunga Wales wake 28-25. Kapteni wake alikuwa Alfreda Fisher, mtu wa pakiti. 2022 chini ya Senirusi Seruvakula timu ilikuwa huru zaidi, na ilifunga alama 40 katika mechi 3. Ya Cunningham imefunga 50 na imefungwa 119 badala ya 145.

#42 Nyuma_ya_Skramu
Kumbe! Kocha wa mipira iliyosimama kutoka Ulaya anakuja na namba zinashuka. Asante kwa kunitetea.

#43 Ratiba_Kwanza
Usikimbilie sherehe. Kombe la 2025 lilikuwa na timu 16, la 2021 timu 12. Makundi yameongezeka, wapinzani wamelegea kidogo. Tena alikuwa anawajua Wales mmoja mmoja mpaka wito wao wa laini-auti. Hiyo dawa inafanya kazi kwa mgonjwa mmoja tu.

#44 Koridoa_Mita15
Wito wa laini-auti hubadilishwa kocha akiondoka, hata timu ya mtaa inafanya hivyo. Kisichobadilika kwa mwaka mmoja ni tabia ya huka: akibanwa anarusha mbele au nyuma? Hicho Cunningham alikijua.

#45 Chenga_Mbili
Swali la mjinga: kama skramu ndiyo ugonjwa, si waombe skramu zisizosukumwa? Propu mmoja "aumie", mwingine "aumie", yakaisha.

#46 Fundi_Propu
Sheria imeziba tundu hilo. Kikosi cha 23 lazima kiwe na watu 6 wa safu ya mbele waliofunzwa, kila nafasi na mbadala wake. Skramu ikiwa haisukumwi bado lazima waingie wanane, kwa hiyo huwezi kumficha mtu nje na kumweka kwenye ulinzi. Na anayerusha mpira ndiye anayeupata, nawe umepoteza nafasi ya kuuiba.

Lakini swali si la kijinga, kwa sababu linaonyesha pengo lenyewe. Kupata watu 6 wa safu ya mbele kwa siku moja si kazi. Wanaotakiwa ni 12, ili mazoezini kuwe na pakiti mbili zinazoumizana. Fiji wanao wangapi wanaocheza namba 3 kila wiki? Mashindano ya shule za wasichana ya Raluve yanatoa mabinti wengi wa mbio, lakini namba 3 hukomaa akifika miaka 24, 25. Kati ya miaka 18 na 24 anasukuma wapi?

#47 Saba_Saba
Kwenye saba, nimesema.

#48 Ratiba_Kwanza
Kwenye Drua, kama nafasi ipo.

#49 Daktari_wa_Tepu
Kipimo kijacho ni 2029, Australia. Nadi hadi Sydney ni saa nne na nusu hewani, hakuna usingizi wa kupoteza. Hoja yangu iliyokufa pale #21 inaweza kufufuka au kuzikwa rasmi.

#50 Nyuma_ya_Skramu
Mimi narudia mechi zote 6 za Kombe, nahesabu kila trai waliyofungwa imeanzia wapi: skramu, laini-auti, mpira uliodondoka, au mpira wa kupigwa. Zote zikiwa na dakika yake, ili BintiWaLikoni asiseme nimeficha kipindi cha pili.

#51 BintiWaLikoni
Weka na jina la aliyekuwa amechelewa kurudi. Na kama alikuwa ametoka kwenye skramu muda huo, nitakubali mwenyewe.